Zabibu, Divai na Joto la Dar: Majibu kwa Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Kigamboni hadi Kimara. Ukizisoma mfululizo, lawama zinaiangukia hamira, mche na hata jirani mwenye kijicho. Sisi tunashuku zaidi kalenda, na kipimajoto ambacho hakuna aliyekinunua.

"Ndugu wahariri, mzabibu wangu una mwaka wa tatu. Umefunika banda lote la gari kwa majani, lakini vishada ni vitatu vinne tu, navyo vinaoza kabla ya kuiva. Kila mwezi naupa debe la mbolea ya kuku. Kuna nini?" (Msomaji, Kibada, Kigamboni)

Tuanze na kuku. Debe kila mwezi ni naitrojeni ya kulishia shamba la mchicha, na mzabibu umekujibu kwa majani. Acha kabisa msimu huu. Baadaye, debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka baada ya kupogoa, linatosha.

Hujasema kama umewahi kuupogoa, nasi tunakisia hujawahi. Kwenye nchi za baridi mzabibu hupukutisha majani wenyewe na kulala. Wa Pwani haulali. Usipoukata unazidi kurefuka kwenye ncha, na macho ya nyuma (vile vitumba vinavyotoa chipukizi) hayaamki. Zabibu nazo hutoka kwenye chipukizi jipya lililoota juu ya tawi la msimu uliopita, lile lililokomaa na kugeuka kahawia. Kwa hiyo kila tawi la namna hiyo likate libaki na macho mawili au matatu. Lililo jembamba kuliko penseli liondoe lote. Kisha nyonyoa majani yote yaliyobaki, hata kama majirani watakuuliza umeukosea nini mti wa watu. Baada ya wiki mbili hivi macho yatavimba.

Lini? Hapa ndipo wengi wa Dar wanapopotea, maana wanaiga Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Dodoma ni kukavu, hapa ni unyevu mwaka mzima. Pogoa wiki ya kwanza ya Juni, masika ikishaondoka. Kuanzia kupogoa hadi kuvuna ni miezi mitatu na nusu hadi minne, kwa hiyo utavuna mwishoni mwa Septemba au Oktoba ikianza, kabla vuli haijakukuta. Ukipogoa Januari, vishada vitaivia katikati ya masika, na hapo hata upulize dawa kila siku utavuna uozo. Januari punguza majani tu ili hewa ipite.

Kuhusu kuoza, geuza jani uangalie chini. Ukiona madoa ya njano juu, kama jani limedondokewa mafuta, na vinyoya vyeupe upande wa chini, huo ni ubwiri vinyoya, na dawa zake ni zile zenye kopa. Ukiona unga mweupe unaofutika kwa kidole, na punje zinapasuka, huo ni ubwiri unga, unaotibiwa kwa salfa. Salfa ipulizwe alfajiri. Joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani. Tena, kama zabibu ni za divai, acha salfa wiki sita kabla ya kuvuna. Sababu iko kwenye jibu la dada wa Tabata.

Kingo za majani zikikauka kama zimebabuliwa na moto, onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya huko kwenu vina chumvi na mzabibu hauipendi.

Na kunguru je? Shona vifuko vya kitambaa cha neti ya pazia, uvalishe kila kishada punje zinapoanza kubadilika rangi, ufunge shingoni kwa uzi. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa ya mbu. Hizo ni zabibu za kula.

"Habari za kazi. Nilinunua kilo 20 za zabibu nyekundu za Dodoma, nikaziponda, nikatia maji lita 5, sukari kilo 4 na hamira ya maandazi. Ndoo iko stoo, juu ya kabati, chini ya bati. Siku ya nne mapovu yamekoma. Bado ni tamu kama sharubati na inanuka yai viza. Nimwage?" (Dada wa Tabata)

Usimwage bado, dada. Tupige hesabu kwanza.

Kilo 20 za zabibu hutoa kama lita 13 za juisi. Zabibu za Dodoma zilizoiva sawasawa huwa na sukari ya gramu 200 hivi kwa lita, yaani kilo 2.6 tayari zilikuwemo. Umeongeza kilo 4, jumla kilo 6.6. Na kwa kuwa sukari nayo inachukua nafasi, ukichanganya na maji umepata karibu lita 20. Hiyo ni gramu 330 kwa lita. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita huzaa asilimia 1 ya kilevi, kwa hiyo ulikuwa unaiambia hamira ya maandazi ifike asilimia 19. Haifiki. Juisi ile ile, bila maji wala kijiko cha sukari, ingekupa asilimia 12 kwa raha zake. Desturi ya kuongeza maji "ili iwe nyingi" kisha sukari "ili ikolee" ndiyo inayoharibu divai nyingi za nyumbani kuliko kosa lolote lingine tunalolijua.

La pili ni mahali ulipoiweka. Chini ya bati mchana joto linaweza kupita nyuzi 38, na divai inayochachuka hujipasha moto zaidi ya hapo. Hamira iliyo kwenye joto, sukari nyingi na kilevi kwa pamoja inachoka na kufa. Divai nyekundu inataka nyuzi 22 hadi 28.

Sasa uiokoe. Kamua maganda uyatupe. Mimina divai kutoka ndoo moja kwenda nyingine mara tano au sita, ukiiachia irukeruke. Hewa itafukuza sehemu ya ile harufu na kuisaidia hamira mpya. Hii ni hatua ya sasa tu, usiirudie divai ikishaiva. Chemsha lita 10 za maji, loweka gramu 200 za choya kavu kwa nusu saa, chuja, acha ipoe kabisa, changanya bila sukari. Itakuwa divai ya mchanganyiko, hilo tukubaliane, lakini sukari ya mwanzo itakuwa imeshuka hadi gramu 220 kwa lita, sawa na asilimia 13. Hapo panafikika.

Weka ndoo sakafuni, kwenye chumba chenye kivuli, ndani ya beseni la maji. Ivalishe kanga kuukuu iliyolowa, ncha zake zikigusa maji ya beseni, kisha elekeza feni. Kanga inayokauka inashusha joto kwa nyuzi kadhaa, ingawa siku za unyevu mwingi inasaidia kidogo tu. Siku hizo tumbukiza beseni chupa mbili za maji yaliyogandishwa, asubuhi na jioni.

Hamira mpya iwe ya divai, na usiirushie ndani kavu. Pakiti ya gramu 5 itie kwenye nusu kikombe cha maji ya nyuzi 35 hadi 38, dakika 15. Ongeza nusu kikombe cha divai iliyokwama. Ikitoa povu, ongeza kikombe kizima, subiri povu tena, kisha viwili, vinne, hivyo hivyo hadi ujaze lita mbili zinazochemka kwa mapovu. Hizo ndizo unazomimina ndooni. Kazi ya nusu siku, na ukiiharakisha utaua hamira nyingine.

Ile harufu ya yai viza ni kilio cha hamira yenye njaa ya naitrojeni. Mabaki ya salfa ya shambani yanaizidisha. Wauzaji wa vifaa vya divai wana lishe maalumu ya hamira. Ukiikosa, chemsha kijiko cha chakula cha hamira ya mkate kwenye maji dakika 10 hadi ife, kisha uitie. Hamira hai hula iliyokufa. Lishe hiyo mara nyingi ni DAP safi ya daraja la chakula. Tafadhali, dada, usiende kununua mbolea ya DAP ya duka la pembejeo. Jina moja, bidhaa mbili: ile ya mahindi haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Harufu ikibaki baada ya wiki mbili na kugeuka ya vitunguu vilivyooza, basi imeshakomaa kuwa kitu kingine, na hapo hatuna dawa ya nyumbani.

"Kwani hamira ya maandazi ina kosa gani?" (Msomaji, Mbagala)

Haina sumu, kama ndiyo hofu yako. Ila kwa wengi huchoka kilevi kikifika asilimia 9 au 10, huacha ladha ya mkate, na mashapo yake ni mepesi mno. Ukisogeza dumu kidogo tu yanapanda tena. Kwa Dar tafuta hamira ya divai inayovumilia joto. Lalvin K1-V1116 hufanya kazi hadi nyuzi 35, na EC-1118 hadi nyuzi 30. Pakiti zikae kwenye friji.

"Zabibu ni ghali na si za mwaka mzima. Nipeni kipimo cha waini ya choya, lita 10." (Mama wa Kimara)

Mama, umechagua vizuri. Choya ina ukali wake wa asili, rangi haina mfano, na Kariakoo inapatikana muda wote.

Chukua choya kavu gramu 200, sukari kilo 2, zabibu kavu gramu 200, maji lita 8.7, hamira ya divai gramu 5 na lishe ya hamira kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yake. Maji si lita 10 kwa sababu kilo 2 za sukari zenyewe zinajaza zaidi ya lita moja. Chambua choya utoe mawe na vijiti, isuuze haraka. Chemsha maji, zima moto, ndipo utie choya. Ukiitokosa inatoa uchungu wa majani. Baada ya nusu saa chuja, koroga sukari iyeyuke yote, tia zabibu kavu zilizooshwa kwa maji ya moto na kukatwakatwa. Choya ina lishe kidogo sana kwa hamira, kwa hiyo lishe usiiache.

Ikishuka chini ya nyuzi 30 tia hamira. Haidromita (kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki) itasoma karibu 1.076. Siku tano hadi nane ndoo ifunikwe kwa kitambaa safi, ukikoroga mara moja kwa siku. Ikifika 1.010 chuja na uihamishie kwenye chupa kubwa ya maji ya lita 10, ijae hadi shingoni. Toboa kizibo, pitisha mpira mwembamba, ziba pembeni kwa nta, na ncha ya pili izame kwenye glasi ya maji. Gesi inatoka, hewa haiingii. Usikaze kizibo kisicho na njia ya gesi hata kwa usiku mmoja.

Wiki tatu baadaye ihamishe tena, ukiacha mashapo chini. Ikisoma 0.995 au pungufu siku tatu mfululizo, imekwisha. Tia metabisulfaiti ya potasiamu (kihifadhi cha divai) gramu 1 kwa lita 10 zote. Pima kwa mizani ndogo ya kidijitali, si kwa kukadiria, na wenye pumu uwaambie kabla hujawamiminia. Miezi miwili ndipo inapoanza kunyweka.

"Divai yangu imegeuka siki. Nifanye nini irudi?" (Msomaji, Ilala)

Hairudi. Bakteria wa siki waliletwa na wale vijinzi wadogo wa matunda, wakapata hewa kwenye dumu ulilolijaza nusu. Kitambaa kinafaa siku za kwanza tu, gesi inapotoka kwa nguvu. Baada ya hapo ni chombo kilichojaa na mpira kwenye maji. Hiyo uliyonayo ikinukia siki safi itie kwenye kachumbari. Ikinukia rangi ya kucha, mwaga. Dumu lenyewe usilitumie tena kwa divai.

"Nilifungasha chupa 12, nikatia kijiko cha sukari kila moja iwe tamu kidogo. Wiki ya pili mbili zimepasuka usiku. Nyingine nilitaka kuziuza kwenye kitchen party ya binamu." (Msomaji, Ukonga)

Usizishike kwa mikono mitupu. Kijiko cha chakula ni kama gramu 12. Kwenye chupa ya mililita 750 hizo ni gramu 16 kwa lita, na kila gramu 4 kwa lita zikichachuka ndani ya chupa iliyozibwa zinaongeza shinikizo la takriban baa 1. Umefunga baa 4 ndani ya chupa ya kawaida, karibu mara mbili ya upepo wa tairi la gari dogo. Vaa miwani na glavu nene, zifunike kwa taulo nzito, zihamishie friji, ziache zipoe siku nzima, kisha fungua moja moja taulo likiwa juu yake.

Safari ijayo subiri divai iwe angavu kabisa, tia sorbeti ya potasiamu (potassium sorbate) gramu 0.2 kwa lita pamoja na metabisulfaiti, ndipo utie sukari. Sorbeti haizimi divai ambayo bado inachachuka. Inazuia tu hamira iliyobaki isizaliane. Njia rahisi zaidi ni kuifungasha kavu, yaani bila sukari, na kutia utamu kwenye jagi siku ya kunywa.

Kuuza ni habari nyingine: kunahitaji leseni ya vileo, viwango vya TBS na ushuru wa TRA. Kwenye kitchen party ya binamu peleka kama zawadi, na zile kumi za friji zisiwemo.