Namba ya Kasha Ilikuwa Sahihi, Sarafu Ikawa Bandia

Siku nilipopokea dola yangu ya Morgan, sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani, iliyogongwa mwaka 1889 katika kiwanda cha sarafu cha Carson City, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni iliyotajwa kwenye kasha, yaani kampuni inayokagua sarafu, kuipa gredi ya ubora na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye lebo. Namba ikakubali. Mwaka uleule, alama ileile ya kiwanda, CC, gredi ileile. Nikaiweka kabatini nikalala kwa amani.

Wiki mbili baadaye ndipo nilipoangalia vizuri ukurasa uleule na kukuta picha ya sarafu niliyokuwa nimeipita bila kuifungua. Kwenye picha, shavu la Liberty, yule mwanamke aliyechorwa kwenye sarafu, lina mkwaruzo mfupi unaoshuka kuelekea kidevuni. Nikaiwasha taa ya mezani, nikaishika sarafu yangu, nikaigeuza kila upande. Shavu lilikuwa laini, hakuna kitu. Nikajua hapohapo. Mkwaruzo haujifuti wenyewe ndani ya plastiki iliyofungwa.

Ndivyo wanavyofanya. Wanakwenda kwenye minada ya mtandaoni, wanachukua namba ya kweli ya sarafu ya kweli, wanaichapa kwenye lebo yao, kisha wanaweka ndani ya kasha sarafu waliyoitengeneza wenyewe. Kwa hiyo namba kukubali kunathibitisha jambo moja tu: kwamba namba hiyo ipo. Haisemi sarafu iliyo mkononi mwako ndiyo yenye namba hiyo. Kampuni mbili za kukagua sarafu, PCGS, iliyoanza 1986, na NGC, iliyoanza mwaka uliofuata, zote makasha yao yameigwa, na zote zina sehemu ya kuhakiki namba. Itumie, lakini kama kuna picha, kaa nayo. Linganisha makovu, madoa na rangi. Sarafu mbili zilizotumika hazifanani makovu, kama watu wawili wasivyofanana alama za vidole.

Kuhusu kasha lenyewe sitakaa sana, kwa sababu waigaji wanaboresha kila siku. Makasha halisi huunganishwa kwa mitetemo ya sauti, hivyo mshono hubana sawasawa pande zote. Ukiona gundi, mpasuko mdogo au weupe uliochubuka kwenye kingo, simama. Herufi za lebo zikiwa nene kupita kawaida, au hologramu ikiwa ni karatasi inayong'aa tu isiyobadilika ukiinamisha, simama vilevile. Njia bora ni kuwa na kasha moja la kweli la toleo hilohilo uliweke kando na kuyatazama pamoja. Ila kumbuka kuna wanaofungua kasha halisi, wakatoa sarafu na kuingiza nyingine. Hapo kasha ni la kweli, lebo ni ya kweli, na bado umeibiwa.

Ndiyo maana nasisitiza: itazame sarafu kwanza, plastiki baadaye. Nunua lenzi ya kukuza mara kumi. Dola za Morgan zilihifadhiwa kwenye magunia ya sarafu elfu moja moja, zikigongana humo kila gunia lilipobebwa, na kila moja ikapata majeraha yake. Mwigaji huchukua sarafu halisi moja na kutengeneza muhuri, yaani chuma cha kugongea sarafu, kutokana nayo, na muhuri huo hunakili kila kitu, hata majeraha. Sarafu zote zinazotoka hapo huzaliwa na kovu lilelile mahali palepale. Nilipotafuta picha za dola nyingine za mwaka huo zilizokuwa zikiuzwa, nilikuta mbili zenye shimo dogo nyuma ya sikio, palepale lilipo langu. Nilitetemeka mikono.

Tazama pia vitu vilivyoinuka. Jeraha la kweli huchimba ndani ya madini. Vichunusi vidogo na nyuzi zilizojitokeza juu ya sehemu tambarare mara nyingi ni kasoro za muhuri mbaya. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huonyesha vitundu, na meno ya ukingoni huwa butu kama yamelambwa. Halafu mng'ao: dola halisi isiyotumika, ukiizungusha chini ya taa moja, miali huzunguka nayo kama gurudumu. Bandia nyingi hung'aa tu kama sufuria mpya.

Na isome sarafu unayoitaka kabla hujaitafuta. Dola ya Morgan ya 1893 ya kiwanda cha San Francisco, yenye alama ya S, ziligongwa 100,000 tu, na iliyo halisi ina mstari mdogo wa mshazari ulioinuka sehemu ya juu ya herufi T katika neno LIBERTY. Kuna mafundi wanaobandika S kwenye dola ya kweli ya 1893 isiyo na alama. Fedha ni halisi, uzito ni halisi, lakini T haina ule mstari, na T haibandikwi.

Sumaku isogeze kwenye kasha. Sarafu ikivutwa, kazi imekwisha. Isipovutwa usishangilie, maana shaba na madini mengine hayavutwi pia. Mizani haikusaidii sana sarafu ikiwa ndani. Ikiwa nje, Morgan ni gramu 26.73 na kipenyo milimita 38.1. Lakini usivunje kasha ili upime, kwani ukishalivunja huna tena cha kumrudishia muuzaji.

Kosa langu kubwa lilikuwa zile wiki mbili. Nilipomwandikia muuzaji, muda wa kulalamika ulikuwa umepita, na hakujibu tena. Sasa kifurushi kikifika nakifungua siku hiyohiyo, napiga picha kabla na baada ya kufungua, nakaa na lenzi na picha ya kampuni mpaka niridhike, na nalipa kwa njia inayoweza kurudishwa tu.

Ile dola ninayo bado. Nimeandika BANDIA kwa kalamu isiyofutika, juu ya plastiki na juu ya lebo, pande zote mbili, ili siku nisipokuwepo asije mtu wa nyumbani kwangu akaiuza kwa mwingine akidhani ni mali.