Usiku najibu meseji vibaya, asubuhi najuta

SWALI: Habari dokta. Mchana mtu akinikwaza nanyamaza tu yanapita, ila ikifika saa tano sita usiku nikikuta meseji ya kuudhi najibu hapohapo kwa maneno makali, asubuhi nikiyasoma natamani ardhi ipasuke. Mke wangu anasema ndo tabia yangu halisi. Ni kweli?

JIBU: Pole sana kaka. Mi sikubaliani na shemeji, na sababu ni hiyo saa uliyoitaja. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia kitu mwili umeshaanza kukifanya. Inapimwa hivi, unakaa mbele ya skrini, mshale ukitokea unabonyeza kitufe fasta, ila mara mojamoja inalia sauti ya kukwambia acha na kidole kiko njiani tayari. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama robo sekunde kukizuia, sauti ikichelewa kidogo tu kidole kinabonyeza huku unakiangalia.

Sasa breki hiyo haina nguvu ileile siku nzima. Kama unaamka saa kumi na mbili, saa tano usiku umeshakaa macho saa 17, na utafiti mmoja wa mwaka 2000 ulikuta watu waliokaa macho saa 17 mpaka 19 wanafanya vipimo vya wepesi na umakini sawa na mtu mwenye pombe 0.05% kwenye damu, wengine vibaya zaidi. Yani hujanywa lakini unajibu kama aliyekunywa! Na ukinywa kweli breki inalegea kabla hata hujaanza kuyumba.

Stresi nayo. Dopamini na noradrenalini, kemikali ambazo ubongo unazitumia kupeleka ujumbe, zikiwa za wastani zinaisaidia hiyo sehemu ya mbele, zikimwagika nyingi inazidiwa, hasira na woga vinashika usukani. Umri pia, sehemu hii inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, kwahiyo kijana wa miaka 15 tumuonee huruma kidogo.

Kwako naomba simu ilale chumba kingine, jibu liandike kwenye karatasi, ulitume asubuhi kama bado unalitaka. Ila ukiona hata mchana umelala vizuri bado unashindwa kujizuia, au mabadiliko yamekuja ghafla, nenda ukaonwe na daktari. Na uniandikie tena unalala saa ngapi, maana hilo hukulisema.