Wasomaji Wanauliza: Mke wa Frozone yuko wapi?

SWALI: Salamu kutoka Kadutu, Bukavu. Wanangu wanaipenda sana Les Indestructibles (kwa Kiingereza The Incredibles), katuni ya familia ya mashujaa wenye nguvu za ajabu. Binti yangu wa miaka tisa ameniuliza kwa nini shujaa mweusi haonyeshwi na familia yake kama yule mwenzake. Je, katuni hii inawafaa? – Mama Msomaji

JIBU: Mama, binti yako ana jicho. Frozone, huyo shujaa mweusi, ambaye jina lake la kawaida ni Lucius Best na sauti yake ya Kiingereza ni ya Samuel L. Jackson, ni shujaa kamili na rafiki wa dhati wa baba wa familia. Lakini mkewe Honey, katika filamu zote mbili, ya 2004 na ya 2018, tunamsikia tu kutoka chumba kingine akigombana na mumewe. Sura yake hatuioni hata mara moja. Familia moja tunaijua mpaka kwenye meza ya chakula. Nyingine tunaijua kwa kelele zinazopita ukutani. Hilo ni pungufu, na usilifunike. Mwambie binti amchore Honey: sura yake, sebule yake, kazi yake.

Simamisha filamu ya kwanza pia pale dukani polisi anapomwelekezea Frozone bastola naye anaomba kunywa maji tu. Watoto hucheka, na ni haki yao. Watoto wakubwa uwaulize kwa nini anasogeza mkono polepole vile.

Kuhusu maadili, kuna utajiri. Mama wa familia hiyo, Elastigirl, mwili wake unanyumbuka kwa sababu anavutwa huku na huku; binti yake Violette mwenye haya anatoweka asionekane. Simamisha wanapokula: watoto wanapigana, mama anarefusha mikono kuwatenganisha, baba mawazo yako kwingine. Uliza, "Nani anafanya kazi hapa?" Katika filamu ya pili mama ndiye anayekwenda kazini, baba anabaki na hesabu za mtoto na kichanga kisichompa usingizi. Wavulana waangalie hiyo kwa makini.

Tunachokipinga ni fikra kwamba mwenye kipaji cha kuzaliwa ni bora kuliko aliyejifunza. Syndrome wa filamu ya kwanza ni adui kwa sababu anaua, si kwa sababu aliunda mashine zake mwenyewe. Mwonyeshe mtoto Edna, fundi wa mavazi: hana nguvu yoyote ya ajabu, na mashujaa wanamtegemea.

SWALI: Nina mwanafunzi mwenye kifafa. Naweza kuonyesha filamu ya pili darasani? – Mwalimu, Bagira

JIBU: Bila tahadhari, hapana, Mwalimu. Elastigirl anapopigana na adui aitwaye Screenslaver kuna mwanga unaowaka na kuzima kwa kasi, na mwaka 2018 majumba ya sinema Marekani yalibandika onyo. Mwanga wa namna hiyo huamsha kifafa kwa baadhi ya wagonjwa. Ongea kwanza na wazazi, nao wamuulize daktari. Itazame peke yako, andika dakika za mapigano hayo, kisha uyaruke. Usitie darasa giza, na watoto wakae mbali na kioo.

Mwanga ukimkuta ghafla, kufumba macho hakutoshi, kwani hupenya kope. Afunike jicho moja kwa kiganja na ageuze uso. Akianguka, ondoa madawati karibu yake, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Mtikisiko ukiisha mlaze ubavu. Ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali mara moja.