Dada ameacha heroini, tumsaidieje?

SWALI: Tunaishi Marekani. Dada yangu, mama wa mtoto mmoja, ameacha heroini na anatumia buprenofini, dawa ya kutibu uraibu huo. Shangazi anasema amebadilisha kilevi tu. Tufanyeje?

JIBU: Pole, ndugu yetu. Shangazi ana uchungu wa kweli, ila hapo amekosea. Buprenofini hutuliza arosto na kiu ya heroini. Akiikatiza ghafla kisha akateleza, kipimo kile cha zamani cha heroini kinaweza kumuua, maana mwili umeshapoteza uzoefu. Dawa ikae chini ya ulimi hadi iyeyuke yote; akiimeza, nguvu yake karibu yote hupotea. Kisha asukutue kwa maji, na asubiri saa 1 kabla ya kupiga mswaki, ili kulinda meno.

Huko Marekani, wagonjwa weusi huandikiwa dawa hii mara chache kuliko weupe. Tangu 2023 daktari hahitaji tena kibali maalumu kuiandika. Akizungushwa, mwende naye kwa daktari mwingine.

Mama mweusi pia huogopa kunyang'anywa mtoto, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana wengi huficha wanapoteleza. Msimhoji. Mwambieni, "Alhamisi nitakaa na mtoto, wewe nenda kliniki."

Nyumbani wekeni naloksoni ya puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini; inauzwa bila cheti cha daktari. Asipoamka na pumzi ikififia: pigeni 911, pulizeni dozi 1 katika tundu moja la pua, mpulizieni pumzi mdomoni. Zikipita dakika 2 hadi 3 bila nafuu, pulizeni ya pili tundu la upande mwingine. Shangazi naye ajue ilipowekwa.