Kabla hujafungua chupa ya asidi, ulizia maji

Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na maabara tatu mpya. Zilitokana na ile kampeni ya maabara ya 2014 hapa Tanzania, kila shule ya sekondari ya kata ilipotakiwa iwe na chumba cha Fizikia, cha Kemia na cha Baiolojia, na wananchi wakachangishwa mchanga, kokoto na fedha. Chumba changu cha Kemia kilikuwa na sinki sita za kupendeza, ila mabomba yake hayakuwa yameunganishwa na chochote. Ukifungua koki unasikia upepo tu.

Ukutani nikabandika kanuni kama nilivyofundishwa chuoni: vaa miwani ya kinga, vaa koti, usile, usikimbie. Miwani tulikuwa nayo miwili, mmoja umekatika mkanda, na wanafunzi hamsini na kitu kwa kipindi. Nikajiona nimemaliza kazi ya usalama.

Mwaka wangu wa pili, kidato cha tatu walikuwa kwenye titresheni, zoezi la kudondosha asidi na besi moja ndani ya nyingine ili kupima nguvu yake, na siku hiyo besi ndiyo ilikuwa inawekwa kwenye bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye koki unaosimama kwenye stendi. Kijana mmoja mfupi hakutaka kusumbuka kuishusha stendi sakafuni. Akanyanyua bika, ile glasi ya maabara, juu ya paji la uso wake, akamimina bila faneli. Besi yenyewe, sodiamu haidroksaidi, ikamchuruzikia usoni.

"Madam, jicho!"

Nilimshika mkono nikakimbilia sinki. Mimi niliyejua fika kwamba haina maji, miguu ilinipeleka huko huko. Mtu mmoja akaja na jagi la maji ya kunywa kutoka ofisi ya walimu, likaisha kabla sijapata hata kumfungua kope vizuri. Wasichana wawili wakatimua mbio kisimani. Kuanzia jagi lilipokauka hadi ndoo ilipofika sijui zilipita dakika ngapi, ila ndizo ninazoziota mpaka leo. Katikati ya hapo mwalimu mwenzangu akatokea na kikombe cha maziwa, kwa nia njema kabisa, anataka kumtia mtoto jichoni. Nikamzuia.

Bahati yetu nilikuwa nimeichanganya hafifu. Hospitali walimsafisha tena, wakampa dawa, jicho likapona. Ingekuwa ile ya kukolea, nisingekuwa naandika hivi.

Ndiyo maana mwalimu kijana akiniuliza aanzie wapi usalama wa maabara, simtajii miwani kwanza. Namuuliza maji yako wapi. Miwani ni muhimu na uidai kila bajeti inapopangwa, lakini shule nyingi zetu itachelewa kufika, na kemikali hazisubiri.

Sasa tuongee kiasi, maana "kuwe na maji" ni neno jepesi. Kiwango wanachotumia Marekani kwa vioshea macho ni kama lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 mfululizo. Zidisha: inakaribia lita 23. Ndoo moja ya lita 20 haitoshi jicho moja. Unahitaji ndoo mbili, zimejaa, ndani ya chumba chenyewe. Na habari njema ni kwamba shule nyingi zina ndoo za koki zilizonunuliwa 2020 wakati wa korona, zimerundikwa stoo na buibui. Zitoe. Ziweke juu ya meza imara, koki iwe juu kidogo ya usawa wa kifua cha mwanafunzi aliyeketi, chini weka beseni. Maji yabadilishwe kila wiki, mfuniko usitoke.

Namna ya kuosha nayo ina ufundi wake. Mlaze mtoto kichwa upande wa jicho lililoumia, hilo liwe chini, ili maji yasikimbilie jicho lisiloumia. Kope zishikiliwe wazi kwa vidole, kwa sababu jicho linalochoma hujifunga lenyewe na kufungia kemikali ndani. Atalia, atakusukuma. Endelea. Mtu wa pili awe anaangalia saa, maana dakika 15 ukiwa katika hali ile huonekana kama saa nzima na kila mtu atasema inatosha. Kisha hospitali, na jina la kemikali limeandikwa kwenye karatasi.

Wanafunzi wetu huogopa asidi na kuidharau besi. Ni kinyume cha wanavyopaswa, hasa kwa macho. Asidi hugandisha sehemu ya juu ya jicho, na ule ugumu wenyewe huizuia kidogo isiendelee; besi huyeyusha na kuzama. Kostiki soda wanayotengenezea sabuni mtaani ndiyo sodiamu haidroksaidi hiyo hiyo. Na asikudanganye mtu kwamba ukimwagikiwa na asidi mwilini unaipoza kwa besi. Zikikutana zinatoa joto, unapata majeraha mawili badala ya moja. Maji, maji, maji.

Mahali pamoja tu maji yanaweza kukugeuka hata kwenye asidi: unapozimua asidi ya salfuriki, yaani kuipunguza ukali kwa maji. Ile ya chupa ya stoo ni asilimia 98 na lita moja ina uzito wa karibu kilo 1.84. Ukiimwagia maji, maji yanakaa juu yake, yanachemka hapo hapo na kukurushia asidi usoni. Kwa hiyo asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga, na bika likipata moto unasubiri lipoe. Kila mwalimu wa Kemia anaijua sentensi hii usingizini. Tatizo ni kwamba kazi hiyo tunaifanya karibu na usingizi kweli, usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, peke yetu, kwa tochi ya simu. Mimi siku hizi nazimua mchana na kuna mtu pembeni, hata kama ni mlinzi wa shule.

Moto wa jiko la mchina nao haupendi maji. Mafuta ya taa huelea na kutembea na moto wake hadi mezani kwa jirani. Weka ndoo ya mchanga. Taa ya spiriti usiijaze ikiwa inawaka au bado ina joto; mwali wa spiriti mchana hauonekani vizuri, na mtu hudhani imezimika. Sodiamu tupu, ile metali, kwa wachache wenye nayo, inakaa ndani ya mafuta ya taa na haikutani na maji ila kwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, mwalimu akiwa ndiye mwenye kibano.

Mtu akiungua ngozi kwa moto au chombo, maji ya baridi ya kawaida dakika 20. Si barafu. Si dawa ya meno, asali, wala ute wa yai, na najua bibi zetu walifanya hivyo.

Kuhusu kunyonya pipeti, ule mrija wa kupimia vimiminika, kwa mdomo nitasema kwa ufupi kwa sababu inanikasirisha. Sindano ya mililita 20 inauzwa duka la dawa kwa bei ya soda au chini ya hapo. Ichomoe ncha ya chuma, ichomeke kwenye kipande cha mpira, mpira uvishe kichwa cha pipeti, vuta. Hakuna shule maskini kiasi cha kushindwa hilo. Na chupa za maji ya kunywa zisiingie stoo ya kemikali kamwe, hata ukiandika lebo, kwa sababu lebo hubanduka na kiu haisomi.

Ndoo zangu mbili zilikuwa zinapotea. Jumatatu nazikuta jikoni zimelowekewa maharage, Ijumaa zinapigia deki bwalo. Nikazipaka rangi nyekundu na kuandika MACHO kwa herufi kubwa, nikamteua kiranja wa kuzijaza kila Jumatatu asubuhi kabla ya paredi. Tangu hapo hazijaguswa, ingawa mpishi mkuu bado hupita dirishani akaniuliza, "Mwalimu, hivi hayo macho yataumia lini nikazichukue?"