Mstari wa kilodaltoni 50 katika kipimo cha heksokinasi ya pili

Swali: Ninapima heksokinasi ya pili (kimeng'enya kinachoitia glukosi fosfati) katika ini na misuli ya panya kwa westani bloti, yaani njia ya kutenganisha protini kwa uzito, kuzihamishia kwenye utando na kuzitambua kwa kingamwili, nikitumia kingamwili ya monoklonali (ya aina moja tu) iliyotokana na panya. Misuli inatoa mistari miwili, mmoja karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 100 na mwingine karibu na 50. Ini linatoa huo wa 50 peke yake. Je, kingamwili hii inashika pia glukokinasi, kimeng'enya cha jamii hiyohiyo?

Jibu: Dhana yako ina msingi, kwa kuwa glukokinasi ina uzito wa kilodaltoni 52 hivi na ndiyo inayoitia glukosi fosfati katika seli za ini. Hata hivyo, matokeo yako yenyewe yanaipinga: glukokinasi haitarajiwi katika misuli, ilhali mstari wa 50 umeonekana huko pia.

Ninachokishuku zaidi ni kingamwili za panya mwenyewe. Tishu ambayo haikuoshwa damu hubaki nazo, na mnyororo mzito wa kingamwili aina ya IgG una uzito wa kilodaltoni 50 hivi. Kingamwili yako ya pili, yaani ile inayoonyesha mahali ya kwanza iliposhika, iliyotengenezwa ili ishike kingamwili za panya, haiwezi kutofautisha ile uliyoimimina juu ya utando na ile iliyokuja ndani ya sampuli. Rudia kipimo kwa utando wa pili wenye sampuli zilezile, ukiupitisha katika hatua zote isipokuwa ile ya kingamwili ya kwanza. Mstari wa 50 ukibaki, chanzo ni hicho. Basi tumia kingamwili ya kwanza iliyotokana na sungura, na mnyama aoshwe damu kwa maji ya chumvi kupitia mishipa kabla ya kutoa tishu. Mstari huo ukitoweka, fikiria kipande cha heksokinasi kilichokatwa na protiasi (vimeng'enya vinavyokata protini), kisha uandae sampuli upya kwenye barafu pamoja na vizuizi vya protiasi.

Ningekuomba uutilie shaka hata mstari wa 100 unaouamini. Heksokinasi ya kwanza ina uzito uleule, nayo pia imo katika misuli, na mfuatano wa asidi amino wa vimeng'enya hivi viwili unafanana kwa sehemu kubwa, kwa hiyo uzito peke yake hauthibitishi lolote. Soma katika maelezo ya mtengenezaji ni sehemu gani ya protini iliyotumika kuizalisha kingamwili, lakini ushahidi unaoridhisha hasa ni seli ambazo jeni ya heksokinasi ya pili imezimwa: mstari usipofifia humo, kingamwili hiyo haikufai kwa swali lako.

Kama unasawazisha kiasi cha sampuli kwa GAPDH, protini ambayo mara nyingi hutumika kama kigezo cha ulinganisho, iache. Nayo ni kimeng'enya cha njia hiyohiyo ya kuvunja glukosi, na kiwango chake kinaweza kubadilika kwa insulini au upungufu wa oksijeni. Ni salama zaidi kupaka utando Ponceau, rangi inayoonyesha protini zote, na kupima protini yote.