Anzeni dirishani kwa karani, si kwenye programu

Ndugu, umeuliza muanzie wapi kujenga ontolojia ya huduma za serikali, yaani ramani ya dhana na uhusiano wake ambayo kompyuta inaweza kuisoma, wakati kila wizara ina kanzidata yake na bajeti ni finyu. Mimi ningechukua huduma moja tu, tuseme leseni ya biashara. Kaeni na karani anayepokea fomu, msikilize maneno anayotumia. Kwa watu wa kodi "mmiliki" ni mwenye namba ya mlipakodi, kwa msajili wa kampuni ni mwenye hisa, kwa idara ya ardhi ni mwenye hati. Neno moja, watu watatu! Msilazimishe maana moja. Wekeni dhana tatu, kisha onyesheni zinavyohusiana. Hapo ndipo penye kazi, na mabishano yake ni marefu.

Andikeni pia maswali ambayo mfumo lazima uyajibu, mfano "Nani ana mamlaka ya kufuta leseni hii?" Dhana isiyosaidia kujibu swali lolote, iacheni. Kwa idara na vyeo msihangaike kubuni upya: W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilishatoa ontolojia ya taasisi mwaka 2014. Programu ya kuundia ontolojia iitwayo Protégé, kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, ni ya bure na inawatosha. Na mshauri akiwaletea modeli iliyokwisha kamilika, mwombeni kwanza aijaribu kwa fomu kumi zilizojazwa na wananchi, pamoja na zile zenye mikwaruzo.